Bega la barabara, matuta, njia ya pembeni au kivuko cha bonde: ulinganisho kwa magombolola ya Uganda

Kila mwaka wa fedha mabaraza ya magombolola nchini Uganda, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, hukaa kugawa fedha kidogo za barabara, na mjadala huishia kwenye greda: ije lini, ipite wapi, irudi baada ya mvua zipi. Watembeao kwa miguu na wasukumao baiskeli, ambao ndio wengi kwenye barabara hizo hizo, hukumbukwa mwishoni, pengine kwa sentensi moja ya kumbukumbu za kikao. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya diwani, mhandisi wa wilaya, mwalimu mkuu au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ambaye ana fedha za kutosha jambo moja tu kati ya manne: kupanua bega la barabara, kupunguza mwendo wa magari kwa matuta, kuchonga njia ya pembeni iliyotengwa na barabara, au kutengeneza vijia vya mkato pamoja na vivuko vyake juu ya mabonde na vijito.

Kwanza ni vyema kukubaliana kuhusu afya inayotafutwa. Miongozo mingi ya aina hii iliyoandikwa katika nchi tajiri huanza na tatizo la watu wasiotembea. Kwetu hesabu ni nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health, uliolinganisha nchi 168, uliikuta Uganda na kiwango kidogo kuliko zote cha watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha, yaani asilimia 5.5, ilhali wastani wa dunia ulikuwa asilimia 27.5. Mama wa Butaleja anayejitwika jerikani ya lita 20, ambayo ni kilo 20 kichwani, hahitaji kuhimizwa atimize zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Huenda amezimaliza kabla ya Jumatano. Kinachomdhuru ni gari linalompita kwa kasi, vumbi la kiangazi, matope ya masika, na mwendo mrefu unaotokana na daraja lililozolewa na maji. Kwa hiyo njia inayofaa ni ile inayopunguza madhara hayo kwa watu wengi zaidi, na ambayo mtu aliyepata kipato kidogo cha ziada ataendelea kuitumia kwa baiskeli badala ya kulipia boda boda kila aendapo sokoni.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na mamlaka ya barabara kuu ya Marekani kwa ajili ya miji midogo na vijiji uliziweka njia za miguu na baiskeli katika makundi matatu: zile ambamo watu na magari huchanganyika kwa mwendo mdogo, zile zinazotengwa kwa mstari au bega tu, na zile zinazotengwa kabisa kwa kizuizi au nafasi. Mgawanyo huo unatufaa, ila uzito wake hubadilika ukifika hapa. Njia zisizofuata barabara kabisa, ambazo huko hujengwa mara nyingi kwenye reli zilizoachwa, kwetu zimekwisha kuchongwa na nyayo za watu miaka mingi kabla ya mhandisi yeyote kufika. Kazi iliyobaki ni kuzifanya zipitike mwaka mzima.

Bega la barabara

Hili ndilo pendekezo rahisi kulieleza mbele ya kikao. Barabara inapanuliwa mita moja na nusu kila upande, na ukanda huo unaachiwa wenye miguu na baiskeli. Kwenye lami lina maana, kwa kuwa mstari mweupe unaonekana, uso ni mgumu, na dereva anayekwenda kasi hupata nafasi ya kumpita mwendesha baiskeli bila kumkwepa ghafla. Hata hivyo, kingo za lami zikiliwa na maji hutokea ngazi yenye kimo cha kiganja kati ya lami na udongo. Baiskeli yenye gunia la mihogo kwenye karia ikishateremka hapo haipandi tena kwa urahisi: gurudumu la mbele husugua ukingo, usukani hugoma, na mzigo humwangusha mwendeshaji upande wa magari. Tena bega la lami halikai tupu. Baada ya mavuno huanikwa mahindi, karibu na senta, yaani kituo cha maduka, hugeuka kituo cha boda boda, na lori lililoharibika huegeshwa hapo kwa siku kadhaa likiwa limewekewa matawi ya miti nyuma yake kama onyo.

Kwenye murram, yaani barabara ya changarawe, bega ni jina tu. Mstari haupakiki juu ya changarawe, na kwa macho ya dereva upana ulioongezwa ni barabara iliyopanuka, naye huongeza mwendo. Greda ikipita huacha tuta la udongo pembezoni, pale pale alipotakiwa kupita mtembeaji, na lisiposambazwa siku hiyo hiyo hukauka na kuwa gumu. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kutoka mgongo wa barabara hukata vijifereji kwenye bega kabla ya kufika mtaroni, hivyo mwendesha baiskeli hurudi katikati ambako uso ni laini zaidi, na mwaka mmoja baadaye hakuna aonaye tofauti ya bega na barabara. Gharama nayo si ndogo, kwani kila kalavati lililopo lazima lirefushwe pande zote mbili, jambo ambalo makadirio ya awali hulisahau mara nyingi ajabu.

Nikiulizwa, bega la murram ndilo chaguo ambalo gombolola lingefanya vyema kuliondoa mezani mapema, na bega la lami liachiwe mradi mkubwa wa barabara wenyewe, likidaiwa kwenye michoro kabla mkandarasi hajaanza kazi. Sera ya Taifa ya Usafiri Usiotumia Injini, ambayo Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iliitoa mwaka 2012, inataka mahitaji ya wenye miguu na baiskeli yazingatiwe katika mipango na michoro ya barabara, na diwani anayeitaja katika kikao cha maoni ya mradi ana msingi wa kusimamia.

Matuta na mwendo wa kilomita 30

Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani liliutaja mwendo wa kilomita 30 kwa saa kuwa kikomo kinachofaa pale magari yanapochanganyika na watu. Hoja yake ni nyepesi kuifuata: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kupunguza wastani wa mwendo kwa asilimia 5 hupunguza ajali zenye vifo kwa asilimia 30. Ripoti ya polisi ya Uganda ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliokufa barabarani, na sehemu kubwa yao walikuwa watembea kwa miguu pamoja na watu wa pikipiki.

Kwa fedha kidogo, hakuna kinachoshindana na kupunguza mwendo mahali palipochaguliwa vizuri: lango la shule, kisima kilicho kando ya barabara, senta siku ya gulio. Kupunguza mwendo hakuhitaji ardhi mpya, hakuhitaji fidia, na manufaa yake yanawafikia hata wazee na wenye baiskeli za magurudumu matatu. Kasoro ni kwamba tuta hujengwa vibaya mara nyingi kuliko linavyojengwa vizuri. Tuta la udongo lenye ncha, ambalo wanakijiji hulirundika usiku baada ya mtoto kugongwa, huvunja mzigo wa mwenye baiskeli na kumtesa mjamzito anayewahishwa kituo cha afya, kisha hulainika kwa mvua za mwezi mmoja. Tuta linalofaa lina kimo cha sentimita 10 hivi na urefu wa mita tatu na nusu hadi nne kwa kuufuata mwendo wa gari, limeshindiliwa kwa tabaka, na kuna alama ya kulitangulia.

Liko jambo moja zaidi ambalo huonekana tu ukisimama karibu na tuta kwa nusu saa. Likiishia kabla ya mtaro, pikipiki zote hulizunguka kwa kupitia ile nafasi iliyobaki pembeni, yaani mahali pekee ambapo watoto walikuwa wakipita kwa usalama kabla tuta halijajengwa. Dawa yake ni kulifikisha tuta hadi ukingo wa mtaro, au kusimika mawe makubwa mawili matatu yanayoacha upenyo wa maji na wa mtu, lakini si wa usukani wa pikipiki. Baraza lililojenga tuta bila mawe hayo limehamisha hatari tu.

Njia ya pembeni ng'ambo ya mtaro

Njia inayokwenda sambamba na barabara lakini ng'ambo ya mtaro, yenye upana wa mita mbili, ndiyo salama kuliko zote tatu zinazofuata barabara. Mtaro wenyewe hulinda. Lakini kila nyumba na kila duka lina mlango wake wa kuingilia, hivyo njia hukatwa kila hatua chache. Migomba na mibuni ya watu iko humo. Na Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka fidia ya haki ilipwe kabla mali haijachukuliwa. Kwa gombolola, kilomita nzima ya njia ya aina hii ni ndoto. Mita mia chache kati ya senta na shule, ndani ya hifadhi ya barabara ya lami ambako ardhi imekwisha kulipiwa, ni jambo linalowezekana, na hapo hakuna linaloishinda kwa watoto wadogo.

Vijia na vivuko

Mashariki mwa Uganda, kuanzia Busia na Tororo kupitia Butaleja hadi Pallisa, barabara za magari hufuata miinuko na kuyazunguka mabonde ya majimaji, wakati watu hukata katikati. Tuseme kijiji kimoja kando ya bonde la mto Mpologoma kina kituo cha afya ng'ambo: kwa barabara ni kilomita saba, kwa kijia ni kilomita mbili na nusu. Kwa mwendo wa kilomita nne na nusu kwa saa, wa kwanza hutembea zaidi ya saa moja na nusu, na wa pili hufika kwa nusu saa na dakika chache. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zikilijaza bonde, kijia hufa, na wote wanarudi kwenye barabara ileile yenye malori ya mchele. Mtu akizihesabu safari za mwaka mzima za wajawazito, wanafunzi na wauza nyanya, ataona kwamba mita arobaini za bonde ndizo zinazoamua afya ya kijiji kuliko kilomita saba za murram.

Ndiyo maana nauona mkabala huu kuwa wa kwanza kufikiriwa popote penye bonde. Lakini uzito wa fedha uwe kwenye kivuko, si kwenye kijia chenyewe. Kijia kwenye ardhi kavu hutengenezwa kwa majembe na mapanga katika siku ya kazi ya pamoja, ile ambayo Buganda huiita bulungi bwansi: kufyeka hadi mita mbili, kung'oa visiki, kuinua katikati ili maji yaende kando. Upana huo hauna anasa ndani yake. Baiskeli iliyobeba jerikani nne za lita 20 ina kilo 80 za maji, na huyo anayeisukuma hutembea ubavuni mwake, akishika usukani kwa mkono mmoja na kuegemeza mwingine kwenye tandiko. Akikutana na mwenziwe kwenye kijia cha sentimita 60, mmoja wao lazima aingie majanini na mzigo wake.

Kivuko kinahitaji fundi. Bonde lenye maji yanayosimama hupitwa kwa tuta la udongo ulioinuliwa likiwa na kalavati za kutosha kuyaacha maji yapite. Kalavati moja mahali panapotaka tatu hugeuza tuta kuwa bwawa, na msimu wa kwanza wa mafuriko hulibeba lote. Mtaalamu wa mazingira wa wilaya ahusishwe mapema, kwa sababu maeneo oevu yanalindwa na sheria na tuta lililojengwa bila kibali linaweza kusimamishwa. Kijito chembamba chenye kingo imara hupitwa kwa daraja la mbao au zege. Mbao zilazwe kwa kukingama, si kwa kufuata mwendo: magogo mawili ya mikaratusi yaliyolazwa kwa urefu huacha ufa katikati, na ufa huo humeza tairi la baiskeli kama mtego. Kamba au fito ya kushikia iwepo angalau upande mmoja. Kwenye makorongo marefu ya Rwenzori na mlima Elgon, ambako mto hushuka na mawe, nguzo haziwezi kusimama katikati, na hapo panafaa daraja la waya linaloning'inia kutoka ukingo hadi ukingo. Hilo halijengwi kwa fedha za gombolola peke yake. Linaombwa wilayani na wizarani.

Kijia nacho kina hatari ambayo barabara haina. Ni mahali pa upweke. Msichana anayerudi shuleni jioni huenda akapendelea barabara ya vumbi yenye watu kuliko mkato wa mtama mrefu, na baraza lisiwaulize wanaume peke yao wanapita wapi. Kufyeka pande zote mbili, kuondoa kona zisizoonyesha mbele na kukipitisha kijia karibu na nyumba za watu, hata kama kinaongezeka mita mia mbili, ni sehemu ya ujenzi kama zilivyo kalavati.

Tambarare na milima

Ulinganisho huu hubadilika kwa umbo la nchi. Teso na Lango ni tambarare, baiskeli ni chombo cha kila siku, na mtu anaweza kuendesha kilomita 12 kwa saa akiwa na mzigo; huko kivuko kimoja kizuri hufungua eneo kubwa, na tofauti kati ya kijia cha miguu tu na kijia cha baiskeli ni ya kuzingatiwa tangu mwanzo. Asasi ya FABIO yenye makao yake Jinja imefanya kazi kwa miaka mingi na baiskeli za kubebea wagonjwa, na chombo cha namna hiyo chenye kitanda nyuma hakigeuki kwenye daraja la upana wa mita moja. Kigezi ni kinyume. Mteremko unaozidi sentimita 6 kwa kila mita moja humshusha mwendeshaji mwenye mzigo kutoka kwenye tandiko, na vijia vingi vya Kabale na Kisoro hushuka mlima moja kwa moja, hivyo mvua huvifanya makorongo. Huko fedha ziende kwenye kuukata mlima kwa mshazari, kupanga mawe kwenye kona na kuyatoa maji kando kila baada ya mita chache. Baiskeli zitafaidika kiasi, lakini anayelengwa ni mtu wa miguu.

Barabara ni ya nani

Jambo hili huamua mengi kabla ya uhandisi. Barabara za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ambayo mwaka 2024 ilirudishiwa kazi zilizokuwa za mamlaka ya barabara za taifa iliyoanza mwaka 2008. Barabara za wilaya ni za wilaya, na barabara za jamii ni za gombolola. Baraza la gombolola haliwezi kuamuru tuta kwenye lami ya taifa. Linaweza kuandika barua, na majibu huchukua muda. Linaweza kujenga tuta, kalavati na kivuko kwenye barabara na vijia vyake lenyewe mwaka huu huu. Tofauti hiyo peke yake hufanya chaguo la nne na la pili kuwa yanayotekelezeka, na mengine mawili kuwa ya kuombwa.

Kuchagua

Ikiwa lami mpya imepita kijijini na magari yameanza kukimbia, mwendo ndio wa kwanza, hata kama kuna bonde baya nyuma ya shule: barua ya matuta iandikwe wiki hiyo, na mita mia chache za njia ya pembeni ziombwe palipo na shule. Ikiwa barabara ni murram yenye magari machache na watu huzunguka bonde, kivuko kitangulie, na matuta mawili ya langoni mwa shule yafuate kwa kile kinachobaki. Ikiwa hakuna bonde wala lami, shida ni matope na vumbi tu, basi fedha ziende kwenye mitaro na kalavati za barabara iliyopo, kwa kuwa barabara inayomwaga maji vizuri ndiyo njia ya baiskeli iliyo bora kuliko bega lolote la changarawe. Wilaya za milimani zianze na mifereji ya vijia.

Kabla ya kupiga kura, wajumbe wawili wasimame kwenye njia panda siku ya soko na siku ya kawaida, kuanzia alfajiri, wakihesabu wanaopita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki, na wakiwauliza walikotoka. Daftari hilo lina nguvu wilayani kuliko maombi ya kurasa kumi. Kisha katika bajeti itengwe sehemu ya matunzo tangu mwaka wa kwanza, pamoja na jina la mtu wa kila kijiji anayewajibika: mbao zilizolegea zikaguliwe mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Agosti kabla mvua hazijaanza, kalavati zizibuliwe wakati huo huo, na nyasi za kijia zifyekwe wiki moja kabla ya shule kufunguliwa.